Uzito wa Wakesho

Lami iliishia karibu na gereji ya Galgalo. Kutoka hapo kwenda kaskazini ni kokoto tupu. Kila mwaka Mwadime na mkewe, Wakesho, walisimama pale ili fundi aikaze springi ya nyuma ya pikipiki, iweze kuwabeba wawili. Safari hii Mwadime alikuja peke yake.

"Shemeji umemwacha wapi?"

"Tumemzika."

Galgalo alishusha pumzi. "Pole sana, ndugu yangu." Kisha akachukua spana na kuchuchumaa. "Ngoja niilegeze hii springi. Ilivyokazwa hivi tangu mwaka jana, ukiwa peke yako itakurusha huko kwenye kokoto."

Mwadime akamshika mkono. "Usiiguse."

"Itakuua, Mwadime!"

"Nguo zake dada zake wameshagawana. Uzito wake umebaki hapo tu."

Fundi akaiweka spana chini. Mwadime akapanda, akasogea mbele kwenye kiti kama alivyozoea, nyuma ikabaki nafasi ya mtu. Gurudumu lilipogusa kokoto, pikipiki ikamrusha juu. Akaongeza mwendo.