Kipimo cha Halyna

"Nipe wembe wa namba tano," mama yake Halyna alisema, akivua glavu mbele ya meza ninayonolea nyembe za viatu vya hoki ya barafuni.

"Namba ya kiatu haisaidii, mama. Saizi ya wembe imeandikwa chini ya kiatu, pale wembe unapopachikwa. Niletee kiatu chenyewe."

"Kilizama naye, na wewe unajua."

Nilijua. Barafu ya ziwa ilipasuka Machi iliyopita, hapohapo nyuma ya duka, na mtoto hakupatikana. Nikachukua wembe wa milimita 230, saizi niliyomuuzia akiwa hai, nikampa ili tu aende zake.

"Huo mdogo. Amekua."

"Sasa nitapimaje bila mguu?"

"Mguu uko nje," akasema, kama mtu aliyechoka kubishana na muuza duka.

Nikafungua mlango. Nyayo za mtoto asiye na viatu zilitoka ziwani, zikaishia kwenye ngazi yangu. Nikainama, nikaulaza wembe juu ya unyayo wa mwisho. Wembe ulipungua kwa upana wa kidole.

Chuma kilikuwa baridi. Kwenye theluji, alama za vidole vitano zikajikunja, kama za mtoto anayetekenywa.

"Tulia, Halyna," mama yake akasema nyuma yangu. "Unapimwa."