Sarafu ya Pembe Kumi

"Nane!" nikaita, na watu wote nje ya kanisa letu la Lukozi wakacheka.

Kabichi na kuku wa sadaka walikuwa wameshanadiwa. Sasa mzee wa kanisa alishika shilingi tano mpya, ile ya miaka kumi ya Uhuru. Ilikuwa na pembe kumi, na kwangu kila pembe ilikuwa mwaka mmoja wa kujitawala.

"Tisa," akasema Silvano mwenye duka.

Mimi mfuko wangu ulikuwa umeishia kwenye nane.

"Baba Raheli, una wazimu?" mke wangu akaninong'oneza. "Shilingi tano uinunue kwa nane?"

Watu wakataka kuiona, ikapitishwa mkono kwa mkono. Ilipomfikia mke wangu, aliigeuza taratibu, akaweka kidole penye maandishi. Kisomo cha watu wazima tulikianza pamoja, lakini hakuwa amewahi kusoma mbele za watu.

"Tan-za-ni-a," akasoma kwa sauti.

Kicheko kikakatika. Nikasimama wima kando yake.

Akafungua pindo la kanga alimofunga pesa za mafuta ya taa.

"Kumi na mbili!" akasema, wala hakuirudisha sarafu.