Faili la Mama

"Dada, bonyeza tu! Mama anakwisha, wewe unaniletea sheria?"

"Mama amemwambia daktari tusiambiwe ugonjwa wake, Nasiri. Ametutaja kwa majina."

Hidaya, karani wa kumbukumbu hospitalini, alikuwa ameshafungua kompyuta kwa nywila yake. Jina la mama lilikuwa kwenye skrini na kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Alitaka kujua kuliko huyo mdogo wake.

Akanyanyua simu, akampigia fundi wa kompyuta wa hospitali. "Fundi, nifungie nywila yangu sasa hivi. Mpaka mama atoke wodini."

Skrini ikazimika. Nasiri akaangua kilio.

Hidaya akapanda wodini na chupa ya uji.

"Shikamoo, mama. Umeamkaje?"

"Marahaba. Sina neno, mwanangu," mama alisema, akiuficha mkono uliokonda chini ya shuka.

Hidaya akaukoroga uji, akaukoroga, ingawa ulikuwa umeshapoa.