Toge ya Kumuaga Prezida

Mawakili wa Butembo walinichagua mimi nimvalishe prezida wa chama chao toge mpya ya kumuaga, yaani joho la uwakili, kwa jinsi alivyohangaika kumtoa mume wangu, Salomon, ambaye bado yumo katika gereza la waasi.

"Maman, kwa komanda banatufukuzaka ku mulango," prezida aliniambia kila mara. "Hata sura yake sijuake."

Siku ya sherehe, komanda wa waasi alikuja na binti yake mdogo. Mtoto akamponyoka, akamkimbilia prezida.

"Parrain!" akaita, kama anavyoitwa baba wa ubatizo.

Kabla hajafikiri, prezida alikwisha kutoa bonbon mfukoni. Mtoto alikuwa ameshapanua kinywa.

"Maman, muvalishe!" ukumbi ukashangilia.

Nikaikunjua toge. Nikampita prezida, nikamvalisha komanda.