Utepe Mweusi

"Jamani! Kumbe yule kijana ameshafariki?"

Mama mwenye mgahawa ndiye aliyepiga yowe. Solmi, mchoraji wa katuni za televisheni, akainua macho kutoka kwenye tambi zake.

Kwenye televisheni, kijana bingwa wa mbio za kuteleza kwenye barafu, aliyemchora yeye kwa katuni, alikuwa akikata kona, mkono juu, na begani kwake umelala utepe mweusi wa msiba.

Aliuchora jana. Kijana alikuwa mahututi, kituo cha televisheni kikataka utepe uwe tayari endapo angefariki. Naye kibarua ni kibarua, akaacha katuni za video ya mwanamuziki nusu, akauchora. Leo asubuhi mgonjwa amefumbua macho, wakataka picha ya furaha. Akaitengeneza kutoka ileile ya jana, akaituma mbiombio, asikumbuke kuuondoa utepe.

Akampigia simu mtayarishaji wa kituo. "Utoeni! Kosa ni langu!"

"Tumeshautoa, dada. Ila wenzetu wa vituo vingine nao wameshatangaza msiba."

Mama mwenye mgahawa akabadilisha kituo.

Hapo walikuwa mbashara nje ya hospitali. Mama wa kijana alikuwa akivuka barabara, amekumbatia bakuli la uji wa mgonjwa, anatabasamu, na mwandishi anamsogezea kipaza sauti kumpa pole.