Gari Nyekundu Yenye Kuvuta Kuume

Hii, hata nikikuapia kwa mama yangu, hautaiamini. Lakini nusu ya mutaa wa Majengo ilikuwa pale, na simu zote zilikuwa juu!

"Inavuta kuume!" Honoré alipiga kelele, hata mulango ya gari hajafungua muzuri.

"Salimia kwanza, papa," Mama Masika akamujibu toka chini ya camion, lori yenye alikuwa anatengeneza.

"Bonjour, mama. Inavuta kuume!"

Masika akatoka, akajipangusa mikono. Aaa, ile gari! Nyekundu, ya course, ya mashindano, chini chini, viti mbili tu. Mu Goma nzima iko moja, na kila mutu mwenye kufunga ndoa anataka hiyo njo ibebe bibi-arusi. Charline akateremuka ku ule upande ingine, nywele mupya, uso ya kukosa usingizi. Ndoa yake ilikuwa siku ya posho, ni kusema Jumamosi. Zilibakia siku ine.

"Ukienda pole pole, iko sawa kabisa," Honoré akaeleza. "Ukikanyaga nguvu, paf! Inaruka kuume. Ukiacha, inajirudisha kushoto kama mulevi."

Walikuwa wameshabadilisha mipira yote ine ya magurudumu. Walishapima parallélisme, kama magurudumu zote zinaangalia sawa, mara tatu. Fundi mumoja wa mutaa wa Himbi akawaambia ni wivu ya majirani, wapeleke gari ku maombi. Wakapeleka. Wakaipaka mafuta ku capot, kifuniko ya injini, wakaiombea saa nzima. Ikatoka pale, ikavuta kuume na mafuta yake.

Masika akacheka mpaka akashika ukuta.

"Lakini papa, cortège, musururu ya magari ya ndoa, inaendaka kama konokono. Kukanyaga nguvu ni ya nini?"

Honoré akaangalia viatu vyake.

"Ni mbele ya parokia, mama. Pale njo nitakanyaga. Na parokia iko kuume. Ikivuta vile, tunaingia mu ukuta, Charline ndani."

"Eee, kumbe ni kujionyesha! Ba bwana-arusi ya siku hizi! Hizi simu zitawamaliza."

Charline njo aliongea, sauti chini:

"Mama Masika, tunakuomba. Isipoenda sawa ile siku, mimi na yeye, basi. Imekwisha."

Masika hakucheka tena. Alijua kutenganisha mutu mwenye kuomba na mutu mwenye kucheza.

Hakugusa hata funguo moja ya kazi, hata spana. Akaweka mawe mbele ya magurudumu, akajilalisha chini mu ile mavumbi nyeusi, jicho karibu na gurudumu ya nyuma.

"Charline, panda. Kanyaga breki mpaka mwisho, kisha uipatie mafuta kidogo kidogo. Honoré, wewe ukae kule. Wanaume wanakanyagaka kama wanaua nyoka."

Gari ikanguruma. Na pale pale, gurudumu ya nyuma ya kuume ikasogea mbele, karibu kidole kimoja, sawa mutu anachungulia ku dirisha ya jirani. Charline akaacha. Ikarudi fasi yake, pole, sura ya mutakatifu.

"Nimekuona, mushenzi!" Masika akaiambia.

Kumbe kampira kadogo kenye kushika ile gurudumu fasi yake kalikuwa kameoza. Ukikanyaga, gurudumu inakimbia, matako ya gari inaenda kushoto, pua inaenda kuume.

"Na parallélisme?" Honoré akauliza.

"Wanapima gari ikisimama, papa. Hii ikisimama haina ugonjwa. Ni kama muvivu: hautamujua mpaka umupatie kazi."

Siku mbili nzima Masika alizunguka mu wenye kuuzisha vyuma vya occasion, vyenye vilishatumika, mpaka akapata kampira kenye kufanana, akakafunga. Mbele ya ndoa siku moja, wakaenda kuijaribu ku barabara ya Kibati, Honoré ku usukani. Akakanyaga. Masika akafunga macho. Gari ikaenda sawa mushale! Honoré akasimamisha, akalia machozi, mutu muzima.

Siku ya posho Masika akavaa kikwembe chake cha sikukuu, akasimama ku mulango ya parokia kuangalia kazi yake. Cortège ikafika, ma klaxon zinalia, ma pikipiki mbele, ma mama wanapiga vigelegele. Magari ya mbele yakakata kuume moja moja, yakaingia mu lupango, uwanja ya parokia. Barabara ikabakia wazi.

Gari nyekundu ikafika, Honoré ku usukani, Charline pembeni, nguo nyeupe mpaka ku kioo. Honoré akakanyaga.

Haikuvuta hata kidogo! Ikapita mulango ya parokia, ikapita kona, ikapotea. Masika akapiga makofi kwa nguvu zake zote, kisha akasikia kama anapiga peke yake.

Ku ngazi ya kanisa mwanaume mumoja alikuwa amesimama, suti nyeupe, maua mu mukono, kinywa wazi. Ferdinand, bwana-arusi wa kweli; kumbe Honoré alikuwa anamutorosha Charline. Akatupa maua, akakimbilia jeep yake. Ikakataa kuwaka. Akafungua capot, akaangalia watu mumoja mumoja, akamuona Masika.

"Mama, wewe si fundi? Nakusihi! Dakika mbili tu, niwafuate!"

Sasa wewe mwenye kusoma, mbele ya ile capot wazi, ungefanya nini?