Neno Moja la Kweli

"Jeme," alisema Profesa Cyrus, akatanua kidole gumba na cha shahada mbele ya uso wa daktari.

Daktari Kip alivitazama vile vidole, kisha akamgeukia mkalimani. "Anasema nini?"

"Sijui, docteur," alijibu Clémentine. "Hii si Kihispania yenye tunasemaka."

Alikosea, lakini si kwa uzembe. Clémentine alizaliwa Bukavu, akakulia Malabo, wanakosema Kihispania, na sasa alikuwa akipokea simu za wateja wa Uhispania katika ofisi moja ya Randburg. Alikijua Kihispania cha mizigo iliyopotea na hoteli zilizojaa. Neno jeme limo katika kamusi: ni urefu wa kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha shahada, ambao Kiswahili cha zamani kiliuita morita. Wahispania wengi hufa bila kulitamka.

Profesa alikuwa amelitamka sawasawa. Kiharusi kilimwondolea Kikalenjin, Kiingereza na Kiswahili. Katika Kihispania, alichokifundisha chuo kikuu hapa Johannesburg hadi alipostaafu, kilifuta maneno ya kila siku: maji, mkono, ndiyo, hapana. Kilimwachia yale adimu tu, aliyoyakusanya maisha yake yote kama wengine wanavyokusanya stempu. Aliyoulizwa kwa Kihispania aliyaelewa. Kujibu ndiko kulikomshinda.

"Nitasema wazi, Mama Fiona," daktari alimwambia Jennifer, mke wa profesa. Walisali kanisa moja. "Nikipata neno moja la kweli, lenye maana, Prof anarudi nyumbani na tunaendelea na mafunzo ya kusema. Nisipopata, itabidi niandike kwamba akili imeondoka. Atapelekwa kule kwa wasiojitambua, na kule hakuna anayemfundisha mtu kusema."

"Jaribu tena, daktari. Nakuomba." Jennifer alikuwa ameushika mkono wa mumewe uliopooza, akiusugua taratibu.

Clémentine aligusa nywele zake mwenyewe, zilizomshukia mbele ya sikio, akamuuliza profesa kwa Kihispania: hii ni nini?

Profesa hakusita. "Aladar."

Ndilo hasa jina la nywele za panjani. Clémentine akatikisa kichwa.

Upande wa pili wa ukuta mtoto mchanga akaanza kulia. Macho ya profesa yakang'aa, akanyoosha kidole ukutani. "Vagido!"

Hicho ni kilio cha mtoto aliyezaliwa karibuni, wala si cha mwingine yeyote.

"Eish," Clémentine alisema kwa huruma. "Anatunga, docteur. Sauti ni ya Kihispania, lakini ndani hamuna kitu."

"Na simu je? Siku hizi zinatafsiri."

"Nimejaribu nyumbani, kila neno," alisema Jennifer. "Inaniambia hakuna."

"Zile kamusi zake? Nilipokuja kwenu zilijaa ukuta mzima."

"Nilizitoa kwa mnada wa kanisa. Ningezifanyia nini, daktari? Mimi mtu wa benki."

Profesa aliwatazama mmoja mmoja. Jasho lilikuwa limemtoka. Akamgeukia mkewe. "Gaznápira," alisema kwa ukali.

Kip akacheka. "Hilo nalikumbuka! 'Gaznápira, ongeza chai!' Sisi wageni tulikuwa tunavunjika mbavu."

"Ndilo jina langu la nyumbani." Jennifer naye akatabasamu. "Aliniambia ni ndege wa milimani, mwenye manyoya ya kifalme."

"Ile ndege miye siijui, mama," alisema Clémentine.

Hakuna ndege wa namna hiyo. Gaznápira ni mwanamke mshamba, mpumbavu, anayeduwaa kwa kila akionacho. Profesa alimwita hivyo mbele za watu tangu walipooana, na kila mara Jennifer alicheka pamoja na wageni, kisha akaongeza chai.

"Jina halinisaidii," daktari alisema, sasa bila kicheko. "Jina hubaki hata mengine yote yakiondoka." Akaiweka kalamu mezani. "Mama Fiona, wewe ndiye umeishi naye. Haya maneno aliyoyasema leo, hakuna hata moja ulilowahi kumsikia akilitumia? Jeme? Aladar? Uniambie tu kwamba alikuwa akilitumia, na lilikuwa na maana. Moja linatosha."

Jennifer aliuachia mkono wa mumewe. Machozi yakamshuka.

"Ningependa sana kusema ndiyo," alisema. "Lakini siwezi kukudanganya, daktari."

Kip aliandika, akatia sahihi. Akamshika Jennifer bega, akatoka kwenda kuita gari. Clémentine akasema, "Pole sana, mama," akamfuata.

Mlango ukafungwa. Yule mtoto alikuwa amenyamaza, na hakuna kilichosikika chumbani wala nje. Profesa alikisikiliza kimya hicho, midomo ikihangaika.

"Conticinio," akasema.

Jennifer alifuta machozi, akautazama mlango, akamwinamia sikioni.

"Hapana, mpenzi," alimjibu kwa Kihispania kisicho na doa. "Conticinio ni ile saa ya usiku ambayo hakuna sauti popote. Hapa bado ni mchana. Kule unakokwenda, itakuwa hivyo saa zote."